Kisukari Hakimkatazi Mbwa Kula

Wasomaji, leo ninyi ndio wazee wa baraza. Hoja zenyewe mmeshazisikia. Zimesemwa kwenye maduka ya dawa za mifugo Mwanjelwa, hapa Mbeya, zimerudiwa kwenye vijiwe vya bodaboda Soweto, na asiyezisikia huko amezisikia kwa jirani aliyeegemea geti huku mbwa amejilaza kivulini, sahani ya ugali wa dagaa mbele yake imefanya utando juu na nzi wameshaifahamu. Mbwa huyo ana kisukari. Anachomwa insulini asubuhi na jioni, na sasa ni siku ya pili hajagusa chakula. Kila anayesimama getini ana dawa yake. Nimewasikiliza kwa makini kwa sababu si wajinga wala hawana nia mbaya, na wengi wao wamefuga mbwa tangu utotoni. Lakini umri wa msemaji si ushahidi. Nitazichukua hoja zao kama wanavyozieleza wenyewe, halafu mizani ni yenu.

Inayotangulia zote ni kwamba mbwa hapati kisukari. Kisukari, wanasema, ni ugonjwa wa mtu mwenye kitambi, soda na kiti cha ofisini. Mbwa anayekimbiza pikipiki mchana na kulinda usiku ataupatia wapi? Swali si baya, ila lilijibiwa zamani. Mwaka 1889 huko Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimpasua mbwa wakamtoa kongosho. Mbwa akaanza kukojoa kupita kiasi, na mkojo ulipopimwa ukakutwa na sukari. Hapo ndipo ilipobainika kwamba ugonjwa huu una asili yake kwenye kongosho. Mwaka 1921, Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliwachoma mbwa walioondolewa kongosho dawa waliyoikamua kwenye kongosho la wanyama wengine, na sukari ikashuka. Jike mmoja, Marjorie, aliishi kwa sindano hizo zaidi ya miezi miwili. Mtu wa kwanza, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, alichomwa Januari 1922. Kwa hiyo anayesema kisukari hakimhusu mbwa ameigeuza historia juu chini: insulini anayochomwa bibi yake kila asubuhi ilipita kwa mbwa kabla ya kumfikia binadamu. Isitoshe, insulini ya nguruwe, ambayo watu walichomwa kwa miongo mingi, imejengwa sawasawa na ya mbwa, wakati ya binadamu inapishana nayo kwa kiungo kimoja tu.

Na angalieni jambo la ajabu. Huyo huyo anayekataa kwamba mbwa hupata kisukari ndiye atakayekuita uone sisimizi waliojipanga kwenye mkojo wa mbwa juu ya sakafu ya saruji, akwambie, "Unaona? Sukari hiyo." Ushahidi anao mguuni pake, hitimisho ndilo linalompita.

Tusimame hapo kidogo, kwa sababu kosa hili lina mtoto. Ukiamini kwamba kisukari cha mbwa ni kile cha mtu mzima mwenye kitambi, utamtafutia dawa za mtu mzima mwenye kitambi. Kisukari cha mbwa, kwa sehemu kubwa, kinafanana zaidi na kile cha mtoto: seli zinazotengeneza insulini zimekufa au zimechoka kabisa, na bila sindano hakuna kinachosogea. Jike asiyefungwa kizazi ana njia yake ya ziada. Katika wiki zinazofuata joto, homoni ya projesteroni hubaki juu mwilini kwa muda wa miezi miwili hivi, awe na mimba au asiwe nayo, na homoni hiyo huizuia insulini isifanye kazi yake. Wale wanaomchoma jike sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama ili asizae wanampelekea homoni ya ukoo huo huo kwa makusudi, kisha wanashangaa kisukari kimetoka wapi.

Sasa kiini cha ugomvi. Wanasema: mbwa hali kwa sababu ana sukari; ugonjwa umemkata hamu, sukari ikishuka atakula, subirini. Hoja hii inavutia kwa kuwa inafunga pamoja mambo mawili yanayoonekana kwa macho. Kasoro yake ni kwamba imeyafunga kinyume. Muulizeni yeyote aliyekaa na mbwa wa kisukari kabla hajaanza tiba. Atawaambia mbwa alikuwa anamaliza chakula chake na kuvamia cha kuku, anakunywa ndoo ya maji, anakojoa hadi ndani, na bado mbavu zinahesabika. Sababu yake iko wazi. Pasipo insulini, sukari inajaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli. Mwili uliojaa sukari unajiona umeshinda njaa, unadai chakula tena na tena. Sukari ikipita milimoli 10 hadi 12 kwa lita, figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo kiu, ndiyo mkojo, ndiyo sisimizi. Kisukari, wazee wa baraza, humfanya mbwa ale. Basi ugonjwa ambao tabia yake ni ulafi ukikutwa kwa mbwa aliyesusa, hatuwezi kusema "ni sukari hiyo hiyo." Kuna kingine kimeingia, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Hicho kingine kina orodha inayojulikana, na hakuna hata kimoja ndani yake kinachotibiwa kwa kusubiri. Wa kwanza kushukiwa ni ketoni. Mwili ukikosa insulini ya kutosha huyeyusha mafuta yake wenyewe, na kuyeyuka huko huzalisha asidi zinazochafua damu. Mbwa hupoteza hamu, hutapika, huishiwa nguvu, hupumua kwa haraka na kwa kina, na pumzi yake huweza kunuka utamu mkali kama kiondoa rangi ya kucha. Huyo hasubiri kesho. Yupo pia mwenye kongosho lililovimba, ambaye utamwona ameinamisha kifua chini na kuinua makalio kwa maumivu ya tumbo. Yupo mwenye uambukizi kwenye njia ya mkojo, kwani mkojo wenye sukari ni shamba zuri la bakteria, na uambukizi wenyewe huipandisha sukari ikawa vigumu kuitawala. Yupo mwenye jino lililooza. Na kwetu huku, ambako kupe wa mbwa hajui msimu wa kupumzika, yupo mwenye homa ya kupe: mwili moto, fizi zimepauka, pengine damu inatoka puani. Mbwa wa kisukari hajapewa kinga dhidi ya magonjwa mengine ya mbwa. Inashangaza ni mara ngapi wanaoshika hoja ya "ni sukari tu" hawajagusa fizi wala kufunua masikio kuangalia kupe.

Lipo tawi dogo la hoja hiyo: kwamba insulini yenyewe ndiyo iliyomkata hamu, kwa hiyo dawa ndiyo ugonjwa. Hili ni jepesi. Mbwa aliyezidiwa na insulini sukari yake hushuka, na sukari ikianza kushuka dalili mojawapo ya mwanzo ni njaa. Kama mbwa alichomwa insulini hiyo hiyo kwa miezi, akala, akanenepa, kisha juzi akasusa, kilichobadilika juzi si insulini. Labda kama mmenunua kichupa kipya au mabomba mapya. Nalo litakuja.

Hapa nawaomba mkae vizuri, maana zinakuja hoja mbili zisizofaa kusikilizwa moja bila nyingine. Husemwa na watu wale wale, pengine na mtu yule yule kati ya asubuhi na jioni. Asubuhi husema: dozi ni dozi, mchome hata kama hajala, ukiruka umeharibu tiba. Jioni husema: hajala, basi usimguse na sindano mpaka ale, insulini bila chakula ni sumu. Kila moja ina ukweli ndani yake, na kila moja ikifuatwa peke yake inaweza kumuua mbwa, ila kwa njia na kwa muda tofauti.

Tuanze na ya asubuhi. Insulini ikishaingia chini ya ngozi haiulizi kama tumbo lina kitu. Inafanya kazi yake. Bila chakula kinachoingia, sukari inaweza kuporomoka chini ya milimoli 3.3 kwa lita, na ubongo hauna akiba ya kuvumilia hilo. Mbwa anayumba kama mlevi, anatetemeka, anaangalia bila kuona, kisha degedege, na anaweza kufa kabla ya jioni. Halafu neno lenyewe "dozi ni dozi" halina maana mpaka useme dozi ya insulini ipi na kwa bomba lipi. Chukueni mbwa wa kilo 20. Madaktari wengi humwanzishia robo ya yuniti kwa kila kilo, yaani yuniti 5. Katika insulini ya binadamu yenye yuniti 100 kwa mililita, hizo ni mililita 0.05. Ni tone. Ukilitafuta tone hilo kwa bomba la kawaida la mililita 2 au 5 unakisia tu. Ubaya unazidi kwa kuwa ipo insulini ya mifugo yenye yuniti 40 kwa mililita, na ina mabomba yake. Chota insulini ya binadamu kwa bomba la insulini ya mifugo mpaka alama ya 5, na umechota yuniti 12 na nusu. Fanya kinyume chake, umechota 2. Alama ni ile ile, jicho ni lile lile, mbwa ni yule yule: mara mbili na nusu zaidi, au chini ya nusu. Nionyesheni ni wapi katika "dozi ni dozi" jambo hili limezingatiwa.

Ya jioni inaonekana ya busara zaidi, na kwa hilo ndiyo hatari zaidi. Imesimama juu ya dhana isiyotamkwa: kwamba mbwa asipokula, damu yake haina sukari. Si kweli. Ini hutengeneza sukari lenyewe wakati wa njaa, na kilicho kazini kulizuia lisizidishe ni hiyo hiyo insulini mliyoikatisha. Mbwa wa kisukari anaweza kushinda bila kula na bado sukari yake ikawa mara nne ya kawaida. Huku mafuta yanayeyuka, ketoni zinapanda, na ketoni zenyewe zinamwondolea hamu hata hiyo kidogo iliyobaki. Tazameni mzunguko huo: sindano imesimamishwa mpaka ale, naye hali kwa sababu sindano imesimamishwa. Anayeshauri hivi ameweka sharti ambalo ushauri wake unalizuia lisitimie.

Kilichofichika katika hoja zote mbili ni kimoja: hakuna aliyeuliza sukari ni ngapi. Wote wanatazama sahani. Namba ndiyo inayoamua. Sukari ikiwa chini au iko ndani ya kawaida ya mbwa, ambayo ni kati ya milimoli 3.3 na 6 na kitu, sindano haichomwi, na daktari anapigiwa. Ikiwa juu na mbwa amesusa mlo, kanuni ya madaktari wengi ni nusu ya dozi aliyoizoea kwa wakati huo, na mbwa aonekane na daktari siku hiyo hiyo. Nusu dozi haitibu kususa. Ni ya kumvusha saa 12. Kama anatapika au ameregea, mjadala wa nyumbani umekwisha, ni wa kubebwa. Na asiye na kipimo chochote asichome dozi nzima kwa mbwa ambaye hajala. Apige simu kwanza. Hayo hayatoshei kwenye kauli ya kijiweni, nakubali.

Twende jikoni, ambako ushauri ni mwingi kuliko sufuria. Wanasema: mpe kitu kitamu, mchuzi wa kitimoto wenye mafuta yake, utumbo wa kukaanga, atakula tu. Sehemu yao ya kweli ni hii: harufu humwamsha mbwa. Chakula kikipashwa moto kidogo hunukia zaidi, na mbwa aliyekataa ugali wa jana baridi huenda akaramba cha leo. Mbeya hii ya Juni na Julai, sahani iliyoachwa nje alfajiri ni baridi kama barafu, nani angeila? Lakini kupasha moto ni kitu kimoja na mafuta ni kingine. Kongosho lililovimba ni mojawapo ya sababu kuu za mbwa wa kisukari kususa, na mlo wa mafuta ni mojawapo ya mambo yanayolivimbisha. Kwa hiyo mnachukua mgonjwa ambaye pengine amesusa kwa sababu ya kongosho, mnamwongezea kilichomfikisha hapo. Mkitaka kumshawishi, mpeni kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, wali kidogo, mchuzi wake usio na kitunguu wala kitunguu saumu, maana vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mwingine atadakia kwamba wali utapandisha sukari. Utapandisha. Kwa siku moja ya mbwa aliyesusa, sukari iliyopanda kidogo na mlo tumboni ni afadhali kuliko sahani kamilifu isiyoguswa.

Jirani ya hoja hiyo kuna mgogoro wa asali. Upande mmoja: mbwa wa kisukari asionje kitu kitamu maisha yake yote. Upande wa pili: hajala, mpe soda apate nguvu. Wote wawili wameshika nafasi isiyo yao. Mbwa anayeyumba na kutetemeka baada ya insulini ndiye hasa wa kupakwa asali au sukari iliyolowekwa, kwenye fizi kwa kidole, si kumiminiwa kooni akiwa hana fahamu, asije akapaliwa. Yule wa kwanza angemnyima na angekufa mikononi mwake kwa utiifu. Naye aliyesusa huku sukari iko juu hana haja ya soda. Nguvu anayo kwenye damu, ila mlango umefungwa. Na kama mtu amefikiri kukwepa mgogoro kwa peremende au jojo "zisizo na sukari," asome kwanza kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Nyingine zina zailitoli, ambayo kwa binadamu haina neno lakini mbwa humshusha sukari ghafla na huweza kumharibu ini.

Sindano ya hamu. Hii nimeiweka katikati makusudi kwa sababu ndiyo inayoonekana kufanikiwa. Wanasema: mtafute mtu amchome sindano, siku ya pili anakula. Na ni kweli, mara nyingi anakula. Swali ni kwa nini. Kama kilichokuwamo ni vitamini peke yake, hakuna aliyeumia na pengine hakuna aliyepona. Lakini kama ndani yake kuna deksamethasoni au dawa nyingine ya ukoo wa steroidi, kilichotokea kinaeleweka: steroidi huamsha hamu, hupoza homa, humfanya mbwa aonekane amefufuka, na wakati huo huo huifanya insulini ishindwe kufanya kazi na kuipeleka sukari juu. Mbwa anakula kwa furaha huku ugonjwa wake unaharibika. Kama chanzo kilikuwa uambukizi, kinga yake nayo imeshushwa. Ushahidi wa "alikula" ni ushahidi wa nini basi? Wa steroidi. Jambo la kufanya ni rahisi: kabla hajachomwa, omba kuona kichupa na usome jina, na mwambie mchomaji kwa sauti kwamba mbwa ana kisukari. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Veterinari na utaratibu wa kusajili madaktari wa mifugo kwa sababu kama hizi. Mwenye usajili hatakasirika kuulizwa ameshika nini.

Vidonge vya babu, metformini na glibenklamaidi, havihitaji aya ndefu. Glibenklamaidi hulikamua kongosho lenye insulini litoe zaidi. Kongosho la mbwa huyu halina cha kukamuliwa. Metformini huisaidia insulini iliyopo, hapa haipo. Mlonge na mwarobaini vinaanguka kwa hoja hiyo hiyo hata tukikubali kila sifa vinavyopewa, kwa kuwa sifa zenyewe zinatolewa na watu ambao kongosho lao bado linafanya kazi kiasi. Jambo moja tu la kuongeza: dawa chungu inayosukumwa kinywani mwa mbwa aliyesusa humfanya asuse zaidi, na diklofenaki ya mgongo wa baba humtoboa tumbo na kumwumiza figo.

Wafugaji wa zamani wana hoja yao ninayoiheshimu: mbwa akisusa, ondoa sahani, mfunge siku mbili, njaa itamfundisha. Kwa mbwa mzima mwenye kiburi cha kuchagua, wana haki. Mbwa mwenye afya huvumilia siku kadhaa bila chakula na hafi. Ila hoja hiyo imehamishwa kutoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kubadilishwa. Yule wa kwanza ana insulini inayomlinda asizalishe ketoni kupita kiasi anapofunga. Wa pili hana. Siku mbili za kumfundisha adabu wa kwanza ndizo siku mbili za kumfikisha wa pili mahali ambapo dripu tu ndiyo inayoweza kumrudisha.

Wengine hawabishi tiba, wanabisha mahali. Hapa si Ulaya, wanasema. Vipimo hatuna, wataalamu hatuna, umeme ukikatika insulini imekwisha. Nusu yake ni malalamiko halali. Mtaalamu wa mbwa si wa kumpata kila mtaa, madaktari wa mifugo wanafundishwa Sokoine, Morogoro, na wengi huku kwetu kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, nguruwe na kuku. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kiko Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Lakini kwa swali lililo mbele yetu, yaani sukari ni ngapi na ketoni zipo au hazipo, hakuna anayehitaji kwenda Iringa. Mashine ya kupimia sukari ni ile ile iliyo kabatini kwa bibi. Tone la damu hutoka upande wa ndani wa sikio la mbwa, ukilikanda kwanza lipate joto. Mashine za binadamu kwa kawaida husoma sukari ya mbwa chini kidogo ya ilivyo, kwa hiyo namba inayokaribia kuwa ya chini ichukuliwe kwa uangalifu na mwambie daktari ni mashine gani. Vijiti vya kupimia mkojo vyenye alama ya sukari na ketoni vinauzwa famasi. Mkojo wa mbwa hukingwa kwa upawa mkuukuu uliofungwa kwenye fimbo, unaoingizwa taratibu akishaanza, kwa nyuma ili asishtuke na kuufunga. Mtoto wa miaka 12 anaweza, na hufurahia kazi hiyo kuliko kuosha vyombo.

Kuhusu umeme, hofu imeelekezwa kusiko. Insulini huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, lakini kichupa kinachotumika huvumilia wiki nne hivi nje ya friji mradi joto lisipite 25 au 30 kutegemea maelekezo yake. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; ndani ya nyumba ya Soweto mwezi Julai, kukatika kwa umeme usiku mmoja si msiba. Msiba ni kichupa kilichosukumwa nyuma ya friji kikagusa barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana vile vile. Hapo ndipo lile tawi dogo la hoja niliyoiahirisha linapopata nafasi: kama mbwa alikuwa vizuri na akaharibika tangu kichupa kipya, kikagueni kichupa na bomba kabla ya kumkagua mbwa.

Imebaki hoja ambayo hutolewa mwisho, kwa sauti ya mtu aliyechoka na ubishi: ni mbwa tu. Ni mlinzi, analala nje, akifa atapatikana mwingine. Nani atanunua insulini mwaka mzima kwa mbwa wakati watoto wanadaiwa michango shuleni? Hii nisingeidharau. Insulini ni gharama ya kila mwezi isiyo na mwisho, mabomba ni gharama, mbwa wengi wa kisukari hupata mtoto wa jicho na kupofuka hata wakitunzwa, na mlinzi kipofu ni mlinzi nusu. Mwenye kaya anayehesabu na kuona hawezi hana dhambi. Anaweza kumwita daktari wa mifugo amlalishe mbwa bila maumivu, na hakuna mwenye haki ya kumnyooshea kidole. Lakini hebu pimeni kama hilo ndilo wanalolishauri. Silo. Wanachoshauri, bila kulitaja, ni kumwacha nyuma ya jiko mpaka aishe mwenyewe, na kuisha kwa ketoni ni kutapika, kiu isiyokatika na kuhema kwa siku kadhaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, nayo haikuwatenga wanyama wanaolala nje.

Na hata hesabu ya fedha haikai sawa. Anayesema mbwa hastahili kugharamiwa ndiye aliyekwisha agiza, ndani ya siku hizo mbili, mchuzi wa kitimoto, chupa ya asali, soda, unga wa mlonge na sindano ya hamu pamoja na nauli ya bodaboda ya mchomaji. Jumlisheni wenyewe, kisha mpite famasi muulize kopo la vijiti vya mkojo linauzwa shilingi ngapi.